Daftari limejaa makosa, mwalimu kaandika "Vizuri". Tahajia haisahihishwi tena?

#1 Mwana wa Ngamiani
Wakuu, salaam. Kuna jambo linanikera, nimeona nililete hapa maana najua walimu mpo na wazee wa zamani mpo.

Mwanangu yuko darasa la tano, shule ya serikali hapahapa Tanga mjini. Nilikaa naye barazani nikafungua daftari lake la Kiswahili. Kazi waliyopewa ni kuandika habari fupi ya nyumbani. Nanukuu kama ilivyo, herufi kwa herufi:

"Mamaangu alikwendasokoni kununuwa samaki na nazi. Alipo rudi alipika wari. Tulikula tuka shiba."

Chini yake alama kubwa ya vema kwa wino mwekundu, na neno "Vizuri". Hakuna neno hata moja lililopigiwa mstari. Mwandiko nao unaelea, herufi nyingine juu ya mstari, nyingine chini, "g" na "y" hazina mikia.

Mimi nimesoma hukuhuku miaka ya 1980. Imla ilikuwa kila Ijumaa, na neno ulilokosea ulilirudia ukurasa mzima. Sasa nauliza: kuna agizo kwamba tahajia isisahihishwe? Au viwango vimeporomoka na sisi wazazi tumelala?

#2 Bibie Chumbageni
Hauko peke yako. Wangu yuko la sita: "wana penda", "ana kula", "nili mwona". Ukimtajia neno mojamoja analiandika vizuri kabisa. Tatizo hajui neno linaanzia wapi na linaishia wapi.

#3 Kijana wa Makorora
Simu hizo. Kizazi kinachoandika "nn" badala ya nini, "cjui", "xaxa", utakidai nukta na mkato?

#4 Bibie Chumbageni
Kijana, mtoto wa darasa la tano ana simu ya nani? Na hiyo "xaxa" ni ya enzi zenu za simu za vitufe, ujumbe mmoja herufi 160 na kila ujumbe unaulipia. Watoto wa leo hawabani herufi, wanatuma sauti.

#5 Kijana wa Makorora
Hawana simu, lakini wanasoma za kwetu. Na simu zenyewe zinasahihisha kwa Kiingereza. Unaandika neno zima la Kiswahili, linageuzwa unaliona kwa macho yako. Nashikilia hapohapo.

#6 Ticha wa Muheza
Mimi ni mwalimu wa msingi wilayani Muheza, Kiswahili la tano na la sita. Najibu bila kumtetea mwenzangu wala kumshambulia.

Agizo la kuacha kusahihisha tahajia halipo. Kilichopo ni hesabu. Darasa langu la tano lina watoto 120. Kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Kipindi ni dakika 40. Nikikaa kipindi kizima nasahihisha tu, sifundishi hata neno, kila daftari linapata sekunde 20. Ndani ya sekunde hizo nafungua daftari, natafuta ukurasa, nasoma mistari mitatu, naweka alama, nafunga, navuta jingine. Nikipiga mstari chini ya "alipo rudi" itabidi nimweleze kwa nini, la sivyo kesho ataniandikia "ali porudi".

Halafu tunasahihisha tulichofundisha siku hiyo. Kama somo lilikuwa kupanga matukio kwa mfuatano, yule mtoto kapanga: mama kaenda, karudi, kapika, wamekula. Kwa lengo lile amepata. Tahajia ina siku yake. Ila nitasema ukweli, siku ya tahajia ndiyo ya kwanza kuliwa panapotokea kikao, gwaride au mtihani wa majaribio.

#7 Mwana wa Ngamiani
Ahsante mwalimu. Hesabu yako nimeielewa. Lakini sekunde zilizoandika "Vizuri" zingeweza kupiga mstari neno moja, nyumbani mimi ningemalizia. Mtoto aliponiona naguna aliniambia, "Baba, mwalimu amesema vizuri." Nimjibu nini hapo?

#8 Karani Mstaafu
Nimesoma miaka ya 1950, wakati wa Mwingereza. Darasa la kwanza tuliandika mchangani kwa kidole, chini ya mwembe. Penseli uliipata ukishajua kuumba herufi zote. Kalamu ya wino ilikuja baadaye kabisa. Dawati lilikuwa na tundu upande wa kulia, ndani yake kidau cha wino. Unachovya nibu, unaikung'uta ukingoni mwa kidau, ndipo unaandika. Ukikandamiza, nibu inapanuka na wino unamwagika. Ukilegea mno, hakitoki kitu. Herufi ikipanda unalegeza, ikishuka unakaza, na ndiyo maana miandiko ya rika letu ina mistari minene na myembamba. Kalamu yenyewe ilikuwa mwalimu wa pili. Peni hizi za leo hazijali unazishikaje, mtoto anaikamata kama mwichi wa kinu.

Baadaye nilikuwa karani kwenye shamba la mkonge. Vitabu vya mishahara ya manamba, yaani vibarua wa shamba, viliandikwa kwa mkono, na mkaguzi alifungua ukurasa wowote akasoma bila kumuuliza mtu. Ukikosea huruhusiwi kufuta. Unapiga mstari mmoja juu ya kosa, unaandika sahihi pembeni, unatia saini. Kosa linabaki linaonekana, na aliyelisahihisha anajulikana.

#9 Kijana wa Makorora
Shikamoo mzee. Hapo kwenye kulegeza na kukaza nimejifunza kitu leo.

#10 Msema Kweli wa Raskazone
Shikamoo mzee wangu. Nina swali, na nakuomba usinielewe vibaya. Mlianza wangapi darasa la kwanza, na wangapi mlivuka la nne? Enzi hizo la nne lilikuwa na mtihani wa kuchuja, wachache ndio walikwenda shule ya kati, la tano hadi la nane. Tunachukua mwandiko wa waliopita kwenye chujio tunaulinganisha na wa watoto wote wa leo.

Azimio la Musoma, 1974, lilisema elimu ya msingi iwe kwa wote, na 1977 ikaanza. Madarasa yakajaa kwa mkupuo, walimu wakatafutwa kwa haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ada ya msingi ikafutwa chini ya MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi. 2016 ikaja elimu bila ada hadi kidato cha nne. Kila mlango ulipofunguliwa waliingia watoto ambao zamani wasingeonekana darasani kabisa. Bibi yangu mzaa mama hakuwahi kushika penseli maishani. Naye tukimtia kwenye hesabu ya "zamani tuliandika vizuri", hiyo zamani itabaki na sifa gani?

#11 Karani Mstaafu
Marahaba. Ni kweli, tulianza wengi tukavuka wachache. Lakini walioishia la nne nao waliandika. Nimepokea barua za watu wenye miaka minne ya shule, wengine nikawasomea wenzao kambini, na zilisomeka moja kwa moja. Hao hawakupita kwenye chujio lako.

#12 Msema Kweli wa Raskazone
Mzee, barua ulizozipokea ni za walioweza kuandika. Asiyeweza hakukuletea barua.

#13 Mzazi wa Pongwe
Mnazunguka mbuyu. Kiini ni mtihani. Darasa la saba mtoto anasiliba viduara, basi. Tangu Magufuli alete ile fomu ya kusiliba hakuna mwalimu mwenye haja na mwandiko.

#14 Ticha wa Muheza
Mzazi wa Pongwe, sahihisho la tarehe: fomu za kusiliba zinazosomwa na mashine zilianza 2012, Kikwete akiwa Ikulu. Magufuli aliapishwa Novemba 2015. Na kuchagua A, B, C kulikuwapo hata kabla ya hapo. Siku hizi yapo pia maswali machache ya kuandika jibu.

Lakini hoja yako haivunjiki kwa tarehe. Tazameni sehemu ya utungaji kwenye karatasi ya la saba. Mtoto anapewa sentensi zilizochanganywa, azipange kwa herufi. Anaweza kupata alama zote za "utungaji" bila kutunga sentensi hata moja ya kwake. Na shule inapimwa kwa mtihani ule. Matokeo yakitoka, mwalimu mkuu haniulizi mwandiko, ananiuliza wangapi wamefaulu na tumekuwa wa ngapi kiwilaya. Muda nilionao naupeleka kule ninakoulizwa. Silipendi hilo, lakini ndivyo siku yangu inavyokwenda.

#15 Mpwani wa Likoni
Hamjambo jirani zetu. Huku kwetu Kenya, KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilikuwa na karatasi mbili za Kiswahili. Lugha, maswali 50 ya kuchagua, na Insha, dakika 40, alama 40. Mtoto alijua siku ya mtihani ataandika mwenyewe, na msahihishaji anatazama hijai (tahajia mnavyoita ninyi), sarufi na hati. Kwa hivyo mwalimu hakuwa na budi, insha kila wiki. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho 2023, sasa tuko kwenye mtaala wa umilisi. Lakini mkitaka tahajia irudi, rudisheni insha kwenye mtihani. Hakuna dawa nyingine.

#16 Kijana wa Makorora
Insha za Kenya tunazijua bwana. Kila mtoto "alirauka alfajiri ya Mungu" na jogoo lazima awike. Wameandika watoto mia, wote mia wamerauka!

#17 Mpwani wa Likoni
Na wote mia wamerauka bila kosa la hijai 😀

#18 Bibie Chumbageni
Hapo Kijana kasema jambo hata kama ni utani. Mtoto anaweza kukariri maneno mazuri yasiyo na kosa na asijue kueleza mama yake alipika nini. Yule wa mleta uzi makosa anayo, lakini habari ni ya kwake.

#19 Mdigo wa Horohoro
Nimesubiri mtu aligundue hili, naona kimya. Mwana wa Ngamiani, nyumbani kwenu kuna Mdigo? Kwa Kidigo "wari" ni ugali. Labda mtoto hakukosea "wali". Labda mama kweli alipika ugali, na mtoto kaandika neno la nyumbani.

#20 Mwana wa Ngamiani
Mimi mwenyewe Mdigo, mama yangu ni wa Moa na tunakaa naye. Mke wangu Mzigua. Mtoto anashinda na bibi yake. Lakini samaki na nazi wamenunuliwa, nikadhani wali. Nimemuuliza jioni hii, anasema hakumbuki, "tulikula tu".

#21 Mdigo wa Horohoro
Na ugali kwa samaki wa nazi haujapata kula? 😀 Hilo neno muacheni. Mengine msahihisheni.

#22 Mzazi wa Pongwe
Mimi nadhani ni lile tatizo la r na l. Tanga imechanganyika, mashamba ya mkonge yalileta watu kutoka kila upande, kila mtu na ulimi wake, watoto wanasikia "kura" na "kula" ni kitu kimoja.

#23 Karani Mstaafu
Hapana. Manamba nimeishi nao. Walitoka kwao na ndimi zao, ndiyo, lakini watoto wao walisoma shule moja na sisi na imla waliipata. Ulimi wa nyumbani kila mtu anao, hata Mtanga wa asili ana Kimtang'ata chake, tena nasi kwetu hatusemi kama vitabu vinavyosema. Shule ndiyo ilikuwa mahali pa kukutana. Msiwatwike wageni mzigo huu.

#24 Mama wa Duga
Naomba niingie na la kwangu kabla hamjamaliza, ni la sarufi. Mimi nilifundishwa ngeli ya M-WA, KI-VI, M-MI, JI-MA. Mtoto analeta kazi ya nyumbani A-WA, U-I, LI-YA. Nikamwambia "kifaru" iko KI-VI, akarudi nayo imekatwa X. Nimeanza kuogopa kumsaidia. Nani kabadilisha, na kwa nini sisi wazazi hatukuambiwa?

#25 Ticha wa Muheza
Mama, wewe ulifundishwa kupanga ngeli kwa kichwa cha neno lenyewe: kifaru kinaanza na ki-, basi KI-VI. Siku hizi tunapanga kwa kitenzi kinachofuata. Unasema "kifaru amekufa", husemi "kifaru kimekufa". Kwa hiyo kifaru yuko A-WA pamoja na mtu na ng'ombe. Kwa njia ya zamani "kipofu", "rafiki" na "simba" wangekaa vyumba vitatu tofauti. Sasa wote A-WA. Ndivyo pia "jina" lilivyogeuka kuwa "nomino".

Njia ya sasa naiona bora kwa mtoto asiyezaliwa na Kiswahili. Lakini umesema kweli, mzazi hakupewa hata karatasi moja ya kumweleza. Akimsaidia mwanawe kwa alichofundishwa, mtoto anakatwa. Mara ya pili mzazi anakaa kimya, na msaada wa nyumbani umekufa hivyo.

#26 Mama wa Duga
Ahsante sana mwalimu. Leo nimeelewa.

#27 Ustadh wa Mabawa
Assalaam alaykum. Bibie kwenye #2 ameuliza kwa nini watoto hawajui mipaka ya maneno. Nitawapa upande mwingine. Wazee wetu waliandika Kiswahili kwa khati ya Kiarabu muda mrefu kabla ya shule hizi. Huko "na", "ya", "wa" mara nyingi zilishikana na neno linalofuata. Harakati, yaani alama za irabu, ni tatu tu, hivyo "e" na "i" ziligawana kasra, "o" na "u" zikagawana dhumma. Herufi ya "p" haikuwapo, wengi wakaiandika kwa "be". Na watu walielewana, wakadaiana, wakarithishana kwa barua hizo. Msomaji ndiye aliyemalizia. Kilichoangaliwa kwa ukali ni khati yenyewe, uzuri wa mkono. Mtu wa khati mbaya hakuandika barua ya posa, alitafuta mwenzake amwandikie.

Kwa hiyo wapi neno litengane na wapi lishikane ni sheria ya juzijuzi kwetu. Siipingi, naifuata. Nasema tu haikuja na maziwa ya mama, lazima ifundishwe waziwazi, na mimi sijaona ikifundishwa waziwazi.

#28 Mkono wa Kushoto
Ustadh umenigusa. Mimi ni wa kushoto. Shuleni nilifungwa mkono kwa kitambaa nyuma ya kiti ili niandike kwa kulia. Mwandiko wangu wa kulia unatetemeka mpaka leo, na kwa miaka mingi nilikwepa kazi yoyote ya kuandika mbele ya watu. Nilipojifunza khati ya Kiarabu nyumbani peke yangu nikatumia kushoto. Kwa kuwa mstari unatoka kulia kwenda kushoto, mkono ulitangulia mbele ya wino, haukuufuta. Ndipo nilipojua kuwa mkono wangu si mbovu.

Wanaotaka viwango vya zamani wakumbuke na hili. Fimbo moja kwa kila neno la imla ilizalisha wenye mwandiko safi, na ilizalisha pia watu kama mimi.

#29 Karani Mstaafu
Pole mwanangu. Hilo lilikuwepo, na halikuwa sawa.

#30 Ticha wa Muheza
Siku hizi hatumlazimishi mtoto wa kushoto. Namkalisha mwisho wa dawati upande wa kushoto ili kiwiko kisigongane na cha mwenzake. Hapo mambo yamebadilika na kuwa mazuri.

#31 Mpenda Kale
Watu mnasema "kiwango" kana kwamba kilishuka na mvua. Wajerumani walifungua shule ya serikali hapa Tanga miaka ya 1890, wakafundisha Kiswahili kwa herufi za Kirumi ili wapate makarani na maakida. Tahajia yao angalieni kwenye ramani za wakati huo: Bagamojo, Daressalam, Kilimandscharo. Akaja Mwingereza na ya kwake. Mwaka 1928 Mombasa wakakubaliana msingi uwe Kiunguja, Kimvita cha Mombasa kikaachwa pembeni. Halafu BAKITA ikaundwa 1930 kusanifisha maneno na maandishi. Leo tunamkata mtoto X kwa sheria zilizopangwa mezani miaka michache kabla mzee Karani hajazaliwa.

#32 Mpwani wa Likoni
Mpenda Kale, 1930 ni Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ya Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. BAKITA ni ya kwenu baada ya uhuru, 1967. Na kuhusu Kimvita, bado tuna kinyongo 😀

#33 Mpenda Kale
Sawa, Kamati 1930, BAKITA 1967. Hoja yangu inabaki palepale: tahajia ni mapatano, na mapatano hufundishwa.

#34 Mwana wa Ngamiani
Mapatano sawa, lakini yakishapatanwa yanamlinda mtu. Mwanangu akiandika barua ya kazi kesho, hakuna atakayemwambia "hii ni tahajia ya Wajerumani". Wataiweka pembeni. Wa mwenye nacho atakuwa amefundishwa, wa kwangu hajafundishwa. Hilo ndilo linaloniuma.

#35 Kijana wa Makorora
Umenena mkuu. Hebu angalieni vibao vya mitaani, kila karakana ya useremala inauza "thamani za ndani" badala ya samani. Walioandika hivyo hawakusoma jana, ni watu wazima wa enzi za imla na fimbo.

#36 Msema Kweli wa Raskazone
Hiyo ni silaha yangu umeichukua, lakini ichukue tu.

#37 Mwalimu wa Darasa la Kwanza
Nimesoma kurasa zote, niseme la chini kabisa, tunakoanzia.

Mtaala wa la kwanza na la pili ulibadilishwa 2015. Kabla ya hapo mtoto wa miaka saba alikuwa na masomo mengi, mpaka TEHAMA imo kwenye ratiba. Baada ya hapo mkazo ukawa KKK: kusoma, kuandika, kuhesabu. Msikimbilie kusahau kwa nini. Mwaka 2012 ilitangazwa kwamba zaidi ya watoto 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma na kuandika. Walikuwa wamefaulu la saba. Taifa lilishtuka.

Sasa tunafundisha kwa sauti. Haturukii "ba be bi bo bu" ya kuimba. Tunaanza na sauti ya herufi, mtoto anaisikia, anaitamka, anaiandika hewani, kisha kwenye daftari. Watoto wanasoma mapema kuliko nilivyowaona zamani, hilo nalishuhudia. Lakini kwa kuandika naona pengo. Mtoto anayeandika anachokisikia ataandika "mamaangu", kwa sababu mdomoni ni neno moja. Hakuna anayesema "mama" akanyamaza kisha "yangu". Na "kununuwa" ndivyo inavyosikika, ile w imo kati ya u na a. Huyo mtoto ana sikio zuri, anaandika anachosikia. Alipaswa kuongezwa hatua nyingine darasa la tatu na la nne, ya kuona neno kwa macho. Nafikiri hatua hiyo ndiyo iliyopotea katikati, maana sisi huku chini tunamkabidhi akijua sauti, na wenzetu wa juu wanaanza kumpa Sayansi na Maarifa kana kwamba kuandika kumekwisha.

#38 Ticha wa Muheza
Dada, kwenye hilo la katikati tutagombana, maana la tatu na la nne tuna mtihani wa taifa wa la nne unatusukuma. Lakini maelezo ya "kununuwa" nimeyapenda. Nilikuwa naliona uzembe.

#39 Mzazi wa Pongwe
Na wa shule za Inglishi midiamu je? Wa dada yangu anaandika "mimi nina penda" kwa sababu Kiingereza kinatenganisha kila kitu.

#40 Bibie Chumbageni
Wangu hajawahi kuiona Inglishi midiamu na anaandika vivyo hivyo. Tafuta sababu nyingine 😀

#41 Mama wa Duga
Wakati mnatafuta sababu, mimi nataka daftari. Yale ya mwandiko, yenye mistari minne minne, yanapatikana wapi? Nimeuliza Mgandini nimeletewa la hesabu la vyumba.

#42 Karani Mstaafu
Usihangaike. Chukua daftari la kawaida, rula na penseli. Katikati ya mistari miwili chora mwingine hafifu. Herufi fupi, a, e, o, zinaishia kwenye huo hafifu. Ndefu, b, k, l, zinafika mstari wa juu. Mikia ya g na y inashuka nusu ya nafasi ya chini. Aandike mistari mitatu tu kila jioni, polepole. Ukimpa ukurasa mzima mistari ya mwisho itakuwa imelala.

#43 Ticha wa Muheza
Na kwa wanaotenganisha ovyo: kati ya neno na neno aweke kidole chake cha kushoto ndipo aanze neno jingine. Lakini kabla hajaandika, aseme sentensi kwa sauti na apige kofi kwa kila neno. "Alipo-rudi" ni kofi moja. Akipiga mawili, msimamishe hapo, kabla ya peni.

Mwana wa Ngamiani, kuhusu #7. Ukienda shuleni usiende na daftari ulilolizungushia wino mwekundu. Mwombe mwenzangu apige mstari neno moja kila kazi, wewe nyumbani usimamie masahihisho na utie saini. Wazazi wachache wa darasa moja mkifanya hivyo mwalimu atafanya, nakuhakikishia, maana hapo anajua kuna anayesoma alichoandika.

#44 Mwana wa Ngamiani
Nitafanya hivyo. Mwalimu, ahsante.

#45 Mkono wa Kushoto
Ticha, wa kushoto aweke kidole kipi?

#46 Ticha wa Muheza
Cha kulia, na atainua mkono kidogo. Kiwe kidole cha mtoto, siyo cha baba, nafasi isije ikawa pana mno.

#47 Kijana wa Makorora
Mwalimu, hapo ni "siyo" au "sio"? Maana tunasahihishana.

#48 Mpenda Kale
"Sio" ni sawa, kila mtu anaandika.

#49 Mwalimu wa Darasa la Kwanza
Huyu siye, hawa sio, hii siyo, hiki sicho, hili silo. Inafuata ngeli. Kwa kidole itakuwa "sicho".

#50 Mpwani wa Likoni
Kwetu msahihishaji angekata yote matatu akaandika "si cha baba".

#51 Mama wa Duga
Na mtoto wangu ana zoezi la hilo kesho! Subirini nilete swali lenyewe.